Mtoto wa miezi saba na nusu: uji ujae mpaka wapi kwenye kikombe?

Mama Zuhura, Tanga

Habari zenu mama na baba zangu. Naomba mnisaidie kabla sijakosana na mtu ninayemheshimu sana.

Binti yangu Zuhura ana miezi saba na nusu. Alizaliwa na kilo 3.1. Miezi sita ya mwanzo nilimnyonyesha tu, hata maji sikumpa, na alikuwa anapanda vizuri: miezi mitatu kilo 5.7, miezi sita kilo 7.0. Mwezi wa saba nikampeleka kliniki, mzani ukasoma 7.1. Nesi akanionyesha kwenye kadi jinsi mstari wake ulivyoanza kulala, akasema, "Mama, mtoto huyu hapati chakula cha kutosha." Nilikosa la kujibu, maana mtoto huyu anashinda na uji.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Ngamiani. Tunakaa Makorora, na anayebaki na mtoto ni mama mkwe wangu. Natoka saa mbili asubuhi, saa saba mchana napanda bodaboda naenda kumnyonyesha, saa nane na nusu nimerudi kwenye cherehani, jioni saa kumi na mbili niko nyumbani. Mama mkwe anapika uji wa lishe: vijiko viwili vya chakula vya unga kwa nusu lita ya maji, na sukari kidogo. Anaumimina kwenye kikombe cha plastiki cha bluu mpaka kinajaa. Nimekipima kwa chupa ya maji, kinaingia mililita 300. Mtoto anapewa kikombe kizima, mara tatu kwa siku. Akigeuza uso analazwa mapajani, anashikwa mikono, ananyweshwa kwa kiganja mpaka uishe. Mara nyingi anacheua. Mara mbili amepaliwa mbele yangu mpaka machozi yakamtoka, na mimi mikono ikanitetemeka nikashindwa kusema kitu. Nikija kumpa ziwa saa saba, ananyonya dakika mbili tatu, analala.

Mama mkwe amelea watoto sita na wote ni wazima, mmoja ndiye mume wangu. Bila yeye kibanda ningekifunga. Sina kifua cha kumwambia kwamba anakosea, na kusema kweli sijui kama anakosea.

Kliniki waliniambia "anza na vijiko viwili vitatu, ongeza polepole". Kijiko kipi? Cha chai au cha chakula? Niongeze mpaka wapi? Na nani anayejua kwamba ameshiba, mimi, bibi yake au yeye mwenyewe?

Umi, Kisauni

Pole mwaya. Hili la kijiko kipi lilinisumbua na mimi kwa kifungua mimba changu. Nilikuwa nampa vijiko vitatu vya chai na nakaa nikimtazama kwa huruma, kumbe walimaanisha kijiko kikubwa cha kulia wali.

Nilichofanya mimi: nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, nikajaza, nikagawa kwenye vikombe viwili vinavyolingana. Kila kimoja ni robo lita, na hicho ndicho kikombe wanachokisema kliniki. Nikachukua kibakuli cha mtoto, nikatia nusu ya kile kikombe kimoja, nikachora mstari kwa nje kwa rangi ya kucha. Kuanzia siku hiyo hata msichana wa kazi alijua uji unafika wapi. Kwa kibakuli kile nimelisha watoto watatu.

Lakini kumnywesha kwa kiganja achana nako haraka. Jirani yangu mtoto wake alipaliwa na uji, ukaingia kifuani, wakalala hospitali wiki mbili. Aliondoka salama, alhamdulillahi, lakini mamake mpaka leo akimwona mtoto analishwa hivyo hutoka nje.

Nesi mstaafu, Lushoto

Mwanangu, umeuliza vizuri, kwa sababu umekuja na vipimo. Nimefanya kazi ya kliniki ya watoto miaka 31, na kina mama wengi huniambia tu "anakula sana" au "hali kabisa". Wewe umenipa unga, maji, kikombe na saa. Sasa tuhesabu pamoja.

Kijiko ni kile kikubwa, cha chakula. Mtoto wa miezi sita anaanza na vijiko viwili vitatu vya hicho kwa mlo, kisha unapandisha taratibu mpaka ifike nusu ya kikombe cha mililita 250. Akiwa na miezi sita mpaka minane anakula hivyo mara mbili au tatu kwa siku, na ananyonya kila anapotaka. Kwa hiyo kikombe cha bluu cha mama mkwe kina zaidi ya mara mbili ya anachohitaji kwa mlo mmoja. Tumbo la mtoto linabeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Zuhura ana kilo 7.1, zidisha mwenyewe: ni kama 213. Unamimina 300 kwenye chombo cha 213. Ndiyo maana anacheua.

Najua unajiuliza, kama anapewa kingi hivyo, mbona haongezeki? Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Vijiko viwili vya unga ni kama gramu 20, na gramu 20 za unga wa mahindi zina kama kilokalori 70. Umeziyeyusha kwenye nusu lita. Kila kikombe cha robo lita kina kilokalori 35 tu, na sukari kidogo haibadilishi sana. Mtoto wa umri wake anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Kwa uji huo angehitaji karibu vikombe sita. Haviingii.

Sasa sikiliza upande wa pili. Kikombe kile kile kikiwa na maziwa ya mama kina kilokalori 160 hivi. Yaani ziwa lako lina nguvu zaidi ya mara nne ya uji ule. Mtoto akijazwa maji yenye rangi ya uji saa sita, wewe ukifika saa saba hana nafasi. Ananyonya dakika mbili, analala, na wewe unadhani ameshiba vizuri. Kumbe uji mwepesi umemnyang'anya chakula chake bora, na matiti yasiponyonywa nayo yanapunguza kutoa. Katika umri huu theluthi mbili hivi ya nguvu yake bado inatoka kwako.

Hili nimeliona maisha yangu yote ya kazi: mtoto ana kitambi cha uji, mikono myembamba, na mlezi anaapa kwamba analishwa. Na hadanganyi. Analishwa kweli.

Kwa hiyo usihangaike kwanza na kikombe kijae wapi. Angalia uji wenyewe. Chota kijiko, kiinamishe kidogo. Ukimwagika kama chai, huo ni mwepesi. Unatakiwa ukae kijikoni, udondoke kwa uzito. Halafu uutajirishe: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kina kama kilokalori 40, zaidi ya robo lita nzima ya uji wenu. Karanga zilizosagwa zikawa laini kabisa, tui la nazi (Tanga hamna shida ya nazi), parachichi lililopondwa. Sukari iacheni, inamfundisha kukataa vingine.

Na asile uji peke yake. Baada ya miezi sita madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanaisha na ya kwenye maziwa hayamtoshi. Mpe ini la kuku lililopondwa, dagaa waliosagwa (kama ni wa chumvi, waroweke kwanza ubadilishe maji), samaki aliyetolewa miiba kwa makini, yai lililoiva vizuri kiini na ute wake. Kunde au mbaazi ukiziponda na mchicha, mkamulie chungwa la Muheza baada ya kula, vitamini C yake inasaidia chuma kuingia mwilini. Chai asipewe kabisa, inafanya kinyume. Asali pia asipewe mpaka atimize mwaka.

Ziwa litangulie uji unapokuwa nyumbani. Na mama mkwe asimpe chochote kuanzia saa tano na nusu mpaka wewe ufike saa saba.

Swali lako la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Anayejua ameshiba ni yeye. Kazi yenu ni kuamua anakula nini na saa ngapi. Kiasi ni chake. Akiinama kufuata kijiko, akifungua mdomo kabla hakijafika, anataka. Akifumba midomo, akigeuza shingo, akisukuma mkono, akianza kuchezea kijiko, subiri kidogo, jaribu mara moja tena ukizungumza naye, akikataa muondolee. Kuna siku atakula vijiko vitatu na kuna siku atafuta bakuli. Usimhukumu kwa mlo mmoja, mtazame kwa wiki nzima, na mzani utazame kwa mwezi.

Kuhusu mzani: msichana wa umri wake kwa wastani huongeza kama gramu 300 kati ya mwezi wa sita na wa saba. Wakati ule wa miezi mitatu ya mwanzo alikuwa anaongeza karibu mara tatu ya hizo, basi kupungua kwa kasi peke yake si ugonjwa. Lakini gramu 100 ni ndogo, nesi wako alikuwa sahihi kukustua. Mwezi ujao mwombe pia ampime mkono kwa ule utepe wa rangi. Kijani, yaani kuanzia sentimita 12.5, tunapumua. Njano tunakazana. Nyekundu, chini ya 11.5, hatusubiri kesho. Na akipata homa, akiharisha au akivimba miguu, usikae nyumbani kusoma ushauri wangu, mpeleke.

Baba Pacha, Dodoma

Naongezea kuhusu huo unga. Mama Zuhura, unga wa lishe mnaununua au mnasaga wenyewe? Una vitu vingapi ndani?

Sisi tulikuwa na ule wa kuchanganya kila kitu: mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga. Mke wangu aliamini vikiwa vingi ndiyo lishe. Mtaalamu wa lishe wa hapa wilayani akatuambia nafaka tano ni chakula cha aina moja tu, ni wanga ule ule. Chagua nafaka moja, mbili zikizidi. Karanga zisagwe peke yake, kidogo kidogo, zitiwe uji ukiwa jikoni. Zikisagwa pamoja na mahindi halafu unga ukakaa mwezi kwenye ndoo, mafuta yake yanachacha, na unyevu ukiingia ukungu unaota.

Hapa kwetu hatulichukulii kirahisi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, chanzo mahindi yaliyoota ukungu, na wengi waliougua walikuwa watoto. Ile sumu haiondoki kwa kupika. Tangu hapo mimi mwenyewe nakaa na ungo nachambua mahindi na karanga za watoto punje kwa punje. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa, natupa. Hata kuku simpi. Na Tanga kwenu kuna joto la unyevu kuliko huku.

Mama Zuhura, Tanga

Nimesoma jibu la nesi mara tatu, ya tatu nikamsomea mume wangu. Tulinyamaza kidogo.

Unga tunanunua sokoni, umechanganywa tayari, una karanga na soya, na nimekumbuka una harufu fulani tuliyoizoea. Nimeumwaga.

Leo Jumapili niko nyumbani, nimepika mwenyewe uji wa sembe, mzito, nikatia tui na kijiko cha karanga. Alipokea vijiko viwili, cha tatu akakwama, akafanya kama anataka kutapika, ulimi nje. Nikaogopa nikaacha. Amezoea uji wa kunywa, huu hajui kuumeza. Nifanyeje? Na mama mkwe aliyekuwa pembeni akasema, "Unaona? Nyinyi mnataka kumkaba mtoto." Sijui nianzie wapi naye.

Nesi mstaafu, Lushoto

Umefanya vema kuacha. Lakini tofautisha mambo mawili. Mtoto anayetoa ulimi, anakohoa, uso unamwiva na sauti inatoka, anajifunza kumeza; mwache akae wima, atausukuma mwenyewe. Anayekabwa kweli hatoi sauti, hapumui, midomo inabadilika rangi. Huyo ndiye wa kumlaza kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa chini, ukampiga mgongoni kati ya mabega. Mwombe nesi wako akufundishe kwa vitendo, wewe na bibi yake pamoja. Na karanga iwe laini kabisa, isiwe na punje hata moja.

Kwa uji uliokwama kuna ujuzi wa bibi zetu, na watu wa lishe hapa nchini waliufanyia kazi miaka mingi: kimea. Chukua ulezi, uroweke usiku mmoja, uchuje, uutandaze kwenye kitambaa chenye unyevu kivulini mpaka uchipue, siku mbili au tatu. Uanike ukauke kabisa, upukuse vile vichipukizi, usage. Mtama usiutumie kwa hili, vichipukizi vyake vina sumu, ulezi ni salama zaidi. Pika uji mzito kama ugali mlaini, uepue, upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Utaona kwa macho yako: ndani ya dakika chache uji unalegea wenyewe, na unga uliomo ni ule ule. Rudisha jikoni uchemke kidogo. Hapo umepata uji wa kumezeka wenye unga mara tatu ya ule wa zamani.

Kama kimea kinachelewa, punguza uzito hatua kwa hatua kwa maziwa yako mwenyewe uliyokamua, usiongeze maji. Anza vijiko vitatu vinne, kila baada ya siku mbili tatu uongeze kimoja.

Na mama mkwe. Mwanangu, usiende kwake na hesabu zangu. Yule mama alilea watoto sita kwa kunyonyesha nyumbani siku nzima; uji mwepesi ulikuwa juu ya ziwa, haukuwa badala yake. Hakukosea wakati ule. Kilichobadilika ni kwamba wewe uko Ngamiani na ziwa liko Ngamiani. Mweleze hilo, ni kweli na halimvunjii heshima. Halafu mwezi huu kliniki nendeni wawili, yeye ndiye ambebe mtoto mpaka kwenye mzani, aulize mwenyewe.

Umi, Kisauni

Kimea nyanya yangu alikuwa akikifanya na sikuwahi kujua ni cha nini. Nitaroweka ulezi leo.

Mama Zuhura, Tanga

Nimerudi baada ya wiki saba, niwieni radhi kwa kimya. Msimu wa sare za shule ulinibana.

Mwezi wa nane tulikwenda kliniki watatu. Mama mkwe alimbeba. Mzani ulisoma 7.3, mkono kijani, 13.1. Nesi akamwambia mama mkwe yale yale ya kijiko kuinama, akachukua kikombe na maji akamwonyesha. Mama mkwe hakusema neno mpaka tuko kwenye daladala, ndipo akaniuliza, "Kwa hiyo mimi nilikuwa namjaza maji?" Nikamwambia kama ulivyonifundisha, kwamba ziwa ndilo liko Ngamiani. Akanyamaza tena. Kesho yake nimerudi saa saba nikakuta mtoto hajapewa kitu tangu saa tano, ana njaa, alininyonya pande zote mbili mpaka akatoka jasho.

Kimea tumeshindwa mara ya kwanza, kilivunda kwa joto. Mara ya pili mama mkwe alikitandaza uvunguni mwa kitanda chake penye ubaridi, kikachipua vizuri. Sasa yeye ndiye anayekisaga. Kibakuli tumekichora mstari kwa rangi ya kucha kama alivyosema Umi. Asubuhi uji wa ulezi na sembe wenye karanga, ambazo yeye huzichambua kwenye ungo kabla hajazisaga. Mchana wali laini na dagaa au kunde, jioni kiazi kitamu cha njano na ini tukipata. Kuna siku anakula mpaka mstarini, kuna siku nusu yake. Juzi alifumba mdomo kwenye kijiko cha sita na mama mkwe alijaribu kumbembeleza kwa wimbo, mara mbili, mara tatu, nikaona mkono wake unataka kwenda kwenye kiganja. Nikamwita kwa jina la heshima yake tu, "Mama." Akaweka kijiko.

Wiki hii katimiza miezi tisa: 7.7.

Nina swali jingine. Sasa anataka kushika mwenyewe, ananyang'anya kijiko. Nimpe vipande? Na idadi ya milo ibaki ile ile mitatu?

Nesi mstaafu, Lushoto

Gramu 400 kwa mwezi mmoja! Nimesoma kwa sauti hapa nyumbani.

Mpe vipande, ndiyo umri wake. Kiazi kilichoiva kikavunjika kwa vidole, ndizi mbivu, boga, yai lililokatwa. Zabibu, njugu nzima na vipande vigumu vya nyama bado. Awe amekaa, na mtu awe anamtazama. Kibakuli kibaki kwenye mstari ule ule wa nusu kikombe, lakini chakula kisipondwe sana, na milo iwe mitatu mpaka minne, pamoja na kitafunwa kimoja au viwili katikati akihitaji, kwa mfano ile ndizi au parachichi. Mstari wa robo tatu ya kikombe mtauchora atakapotimiza mwaka. Kijiko mpe chake, wewe shika kingine.